Shokomzoba Baridi Ndiyo Iliyokufa

Katika mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga, mwandishi wa safu hii alisimama siku moja kando ya gereji isiyo na kuta, chini ya mti, akitazama motokaa ndogo ya abiria iliyokuwa imetoka Bonde la Ziwa Rukwa kwa njia ya vumbi. Fundi mmoja mzee, kabla hajashika spana, aliinama na kupitisha kiganja chake karibu na shokomzoba zote nne, moja baada ya moja, kama mganga apimaye homa ya watoto wanne waliolala kitanda kimoja. Tatu zilikuwa za moto kiasi cha kutogusika. Ya nne ilikuwa baridi.

Dereva, kijana, akashukuru. "Afadhali mzee, angalau moja ni nzima," alisema.

Fundi akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Hiyo baridi ndiyo iliyokufa. Hizi za moto zimefanya kazi yake na ya mwenzao."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache mna elimu kubwa ambayo wengi wetu tunaotumia magari, na wengi zaidi tunaoyanunua kwa fedha za umma, hatujaitia maanani. Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza: Ufipa na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba gari lishukalo katika bandari ya Malindi na lile lishukalo Dar es Salaam hadi kufika Sumbawanga aghalabu ni ndugu wa tumbo moja, yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na shokomzoba zake zilitengenezwa kwa ajili ya lami. Yanayoyapata kule nyanda za juu yatayapata na huku visiwani, tofauti ikiwa ni ya siku tu.

Kwanza yafaa ieleweke shokomzoba, ambayo mafundi wengi huiita shokapu, ni kitu gani. Watu wengi hudhani ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Kinachobeba gari ni springi. Lakini springi ina tabia moja mbaya: hurudisha kila ilichopewa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea, kisha hujirudi kwa nguvu ile ile, na gari likiachiwa springi peke yake litapanda na kushuka kama mashua iliyofungwa gatini wakati wa kusi. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa katika oili, na pistoni hiyo ina vitundu vidogo vyenye vali. Oili hulazimishwa kupenya katika vitundu hivyo kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo breki ya springi.

Sasa ile nguvu ya kurukaruka huenda wapi? Haipotei, maana nishati haipotei bali hubadili sura tu. Huwa joto. Kila shimo, kila jiwe na kila mkunjo wa barabara unaomezwa na shokomzoba hugeuka kuwa joto katika oili. Kwa hiyo shokomzoba ni mashine ya kugeuza mitikiso kuwa joto, na yule fundi wa Izia alisema kweli tupu: ile isiyopata joto baada ya safari ya njia mbovu haikufanya kazi.

Lakini joto lenyewe halina budi kupata pa kwenda. Tufanye hesabu ya kukadiria, ambayo mwalimu wa fizikia aweza kuiandika ubaoni. Tuseme shokomzoba moja ya gari dogo, katika njia mbaya, inazalisha joto la wastani wa wati 100, sawa na balbu kubwa ya taa ya zamani. Ndani yake mna oili kiasi cha theluthi ya lita, na chuma chake ni kilo mbili hivi. Kama joto lote lingebaki ndani, lingepanda kwa nyuzi 4 hivi za Sentigredi kila dakika, na katika dakika 20 lingezidi nyuzi 80 juu ya lile la mwanzo. Gari lingeharibika kabla ya kufika kijiji cha pili.

Kinachotuokoa ni hewa. Watu wa pwani tunaijua vizuri kanuni hii. Chai ikiwa moto sana, huimimina katika kisahani. Eneo lake linapanuka, hewa inaigusa kwa upana, nayo hupoa haraka. Ndivyo ilivyo kwa shokomzoba. Joto hutoka katika oili, likapita katika ukuta wa chuma, likachukuliwa na upepo wa mwendo wa gari. Watu hudhani kikwazo ni chuma. Hapana, ukuta wa chuma ni mwembamba nao hupitisha joto upesi. Kikwazo kikubwa kiko nje, pale chuma kinapokutana na hewa. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 35, likipigwa na upepo wa wastani, laweza kukadiriwa kumwaga wati 2 hivi kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la hewa. Kwa hiyo wati 100 zitahitaji bomba liwe moto kuliko hewa kwa nyuzi 50, na wati 150 kwa nyuzi 75.

Hapo ndipo Ufipa inapotupa somo lake. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Mtu ashukaye kutoka mjini kwenda Muze au Mtowisa huteremka kiasi cha mita elfu moja, akaacha baridi na kuingia katika joto. Chukua shokomzoba ile ile yenye kuzidi hewa kwa nyuzi 75. Asubuhi ya mjini yenye nyuzi 15, itakuwa na nyuzi 90. Mchana wa bondeni wenye nyuzi 33, itafika 108. Raba ya sili za kawaida ikikaa muda mrefu katika joto la zaidi ya nyuzi 100 hukauka na kupasuka, na oili huanza kuvuja. Wala asidhani mtu kwamba baridi ya juu ni zawadi tupu: hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi.

Babu zao Wafipa walikuwa mabingwa wa mambo haya ya hewa na moto. Walijenga tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizovuta hewa zenyewe kwa urefu wake bila kupulizwa na mivukuto, wakayeyusha chuma humo. Walijua kwamba moto ni mtumwa wa hewa. Sisi tunaoendesha magari juu ya nchi yao tunahitaji ujuzi ule ule kwa kinyume chake: hewa ije ituondolee moto.

Na adui wa hewa hiyo ni tope. Wakati wa masika shokomzoba huvikwa tope jekundu, nalo likikauka huwa kama blanketi. Tope la unene wa kidole likipunguza umwagaji wa joto kwa theluthi moja tu, zile nyuzi 75 huwa karibu 112, na hapo sijataja joto la hewa yenyewe. Dereva huosha bodi ili ling'ae machoni pa wakubwa, akaacha huko chini, kwenye uhai wa gari, tope la miezi mitatu.

Tuje kwenye barabara. Aliyesafiri katika njia ya changarawe anaifahamu ile mikunjo midogo midogo, iliyopangana kama mgongo wa bati. Wengi huilaumu mvua, au hulaumu springi za malori. Mwaka 2007 wanasayansi Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha, kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga katika maabara, kwamba mikunjo hiyo huzuka hata kama gurudumu halina springi, mradi mwendo umepita kiwango fulani. Na kiwango hicho ni kidogo mno kwa gari la kawaida kukitii. Maana yake ni kwamba barabara ya changarawe itakunjamana tu ikitumiwa, hata ikijengwa na fundi hodari. Dawa ni kuichonga kwa greda kila inapostahili, au kuiwekea lami.

Mikunjo hiyo ndiyo sumu ya shokomzoba. Ikiwa imeachana kwa sentimita 80, na gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, gurudumu hupigwa mara 12 na nusu kila sekunde. Kiasi hicho ni karibu sawa na ule mtikiso ambao gurudumu la gari dogo hupenda kuupokea kwa asili yake, na hivyo hurukaruka kwa furaha ya kishetani. Madereva wamejifunza kuongeza mwendo ili gari "lielee", na kweli abiria huona nafuu. Lakini tairi huwa linagusa vilele tu. Usukani na breki hupoteza mamlaka, na shokomzoba haipati hata sekunde ya kupumzika. Na kwenye mashimo na mawe yasiyo na mpangilio, kadiri mwendo unavyozidi ndivyo joto linavyozidi.

Shokomzoba ikizidiwa na joto hufanyaje? Oili hulegea kama samli iliyoyeyuka, ikapita vitunduni bila taabu. Katika shokomzoba za aina ya mabomba mawili, ambazo ndizo za bei nafuu na zilizoenea katika magari madogo, mna pia hewa au gesi juu ya oili ya akiba. Zikitikiswa sana, oili na gesi huchanganyika zikawa povu, na pistoni haiwezi kupata nguvu katika povu. Gari huanza kuyumba. Dereva hudhani ni upepo au ni tairi. Akisimama kwa muda, povu hutulia na gari hurudi katika hali yake, naye husahau. Lakini kila tukio la namna hiyo huacha jeraha katika sili, hata siku moja shokomzoba hufa kabisa, ikawa baridi kama ile ya Izia.

Aina ya pili ni ya bomba moja. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeistawisha, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaitengeneza kwa wingi tangu miaka ya 1950. Humo gesi ya naitrojeni yenye kani kubwa hutengwa na oili kwa kizibo kinachoteleza, hivyo povu halipati nafasi. Tena ukuta ule ule unaogusa oili ya kazi ndio unaoguswa na upepo, kwa hiyo joto lina safari fupi ya kutoka. Katika ile ya mabomba mawili, joto halina budi kuvuka kwanza tabaka la oili ya akiba na gesi. Aina ya bomba moja ina kasoro zake: bei yake ni kubwa, na jiwe likilibonyeza bomba, pistoni hukwama. Lakini katika suala la joto hakuna ubishi.

Afrika ya Mashariki ilikuwa shule ya elimu hii kwa dunia nzima. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani wa springi na shokomzoba kuliko wa injini. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na aliyeiendesha katika ushindi wa 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Watengenezaji waliokuja na magari mepesi yenye kasi walijifunza kwa uchungu kwamba gari halishindi likiwa na shokomzoba zilizochemka. Magari ya mashindano siku hizi huwekewa mitungi ya akiba ya oili nje ya shokomzoba, ili oili iwe nyingi na eneo la kupozea liwe kubwa. Ni kisahani kile kile cha chai, kwa sura nyingine.

Lakini safu hii haiandikwi kwa ajili ya wanamichezo. Tunamfikiria mama mjamzito aliyepata matatizo kijijini bondeni, anayepandishwa usiku kwenda hospitali ya mkoa mjini Sumbawanga. Gari la wagonjwa limekwenda mbio kumfuata katika kilomita nyingi za mikunjo, na sasa lazima lipande mlima wenye kona, huku shokomzoba zake zikiwa zimechemka. Tairi lisilokaa chini halishiki kona, na gari linalorukaruka huchelewa kusimama hata breki zake zikiwa mpya. Kwa mama yule, tofauti kati ya shokomzoba nzima na mbovu yaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kutofika.

Wenzetu wa visiwani wasijione wako salama. Mkataba wa mwaka 2008 baina ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uliotia lami barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ndio huo huo uliojenga barabara za vijijini kisiwani Pemba. Kwa hiyo Mfipa na Mpemba wameonja lami kutoka chungu kimoja. Lakini nje ya lami, njia za mawe ya matumbawe hutikisa gari vilevile, na hewa ya pwani huwa na joto takriban mwaka mzima. Tena visiwani kuna adui ambaye Sumbawanga haimjui: chumvi ya bahari. Chumvi hutoboa vijishimo vya kutu katika fimbo ing'aayo ya shokomzoba, na kila fimbo ikipanda na kushuka vijishimo hivyo hukwangua sili kama msasa. Oili ikivuja, ile iliyobaki hubeba joto lote peke yake, nayo huchemka mapema zaidi. Hivyo chumvi huanza kazi, na joto huimaliza.

Je, tufanye nini? Kwa wakuu wa idara tuna maneno matatu. Kwanza, katika ununuzi wa vipuri, bei ya chini isiwe ndiyo hoja pekee. Shokomzoba ya bei ya chini inayokufa katika msimu mmoja ni ghali kuliko ile nzuri inayodumu misimu minne, na hapo hatujahesabu matairi yanayolika upande, bushi zinazokatika na bodi zinazopasuka. Gari la bondeni lisiagiziwe shokomzoba sawa na gari la mjini. Taasisi za viwango, TBS kwa Bara na ZBS kwa Zanzibar, ndizo ngao yetu dhidi ya bidhaa za bandia, na mnunuzi wa serikali awe wa kwanza kudai uthibitisho wake.

Pili, greda lihesabiwe kuwa ni dawa ya magari. Anayeahirisha kuchonga barabara kwa kuokoa mafuta ya greda huzilipa fedha hizo mara nyingi katika karakana, ila kwa fungu jingine la bajeti, ndiyo maana haoni. TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA kwa za wilaya, wana wahandisi wanaolijua jambo hili. Wanachohitaji ni kupewa nafasi ya kuchonga kwa wakati, hasa mara tu mvua zinapokatika, udongo ungali na unyevu wa kushikana.

Tatu, mafundi wa mitaani wapewe elimu. Wapo wanaofungua shokomzoba iliyovuja, wakatia oili yoyote iliyo karibu, hata ya injini, na kuichomea tena. Oili isiyo ya kazi hiyo hutoa povu upesi na uzito wake si ule uliokusudiwa. Hatari zaidi ni kukata kwa moto shokomzoba yenye gesi; ile ya bomba moja ina kani ya kutosha kumjeruhi au kumwua fundi. Mtu asiigeuze bidii ya fundi kuwa msiba wa familia yake.

Kwa ndugu zetu madereva, mambo ni mepesi zaidi. Osheni shokomzoba kila mnapoosha bodi. Msipakie kupita kiasi, maana springi iliyoelemewa humpa mwenzake kazi isiyo yake. Gari likianza kuyumba katika mikunjo, punguzeni mwendo mapema. Na jueni kwamba kwenda taratibu katika kipande cha njia nyororo hupoza shokomzoba upesi kuliko kusimama kivulini, kwani gari lililosimama halina upepo. Kisha mkifika, kabla ya chai, fanyeni kama mzee wa Izia: pitisheni kiganja karibu na zote nne, bila kuzishika. Zikiwa na joto linalolingana, mshukuruni Mungu. Mkiikuta moja ni baridi, msifurahi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo fundi yule alilisema bila kulikusudia. Shokomzoba tatu zilichemka kwa sababu ya nne ilikuwa imeacha kazi. Katika ofisi zetu pia, idara ya barabara ikilegea, mzigo huangukia karakana. Karakana ikilegea, huangukia dereva. Na dereva akishindwa, humwangukia mama yule anayepandishwa mlimani usiku. Mwenye dhamana na ajipime, kabla abiria hawajampima barabarani.